Ada imefutwa, lakini fomu ya shule inadai laki sita: niuze shamba?

BARUA

Mshauri, salaam.

Mimi ni mjane, naishi Ifakara na watoto watatu. Binti yangu mkubwa alipata daraja la pili Kidato cha Nne na sasa amechaguliwa Kidato cha Tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), shule ya serikali ya bweni iliyoko mkoa wa jirani. Anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Julai. Zimebaki wiki tatu.

Nilijua elimu ni bure mpaka nilipoisoma fomu ya kujiunga. Nimezunguka madukani na hizi ndizo bei nilizopewa: tranka 45,000, godoro 45,000, shuka pea mbili 24,000, chandarua 10,000, sare 85,000, viatu vyeusi 25,000, raba 15,000, rimu mbili za karatasi 24,000, kaunta buku kumi na mbili 36,000, ndoo, jembe, kwanja na mafagio 25,000, vitabu vinne 80,000, michango 85,000. Nauli yangu na yake kwenda, na yangu kurudi, ni 60,000. Fedha ya matumizi nimeweka 50,000. Jumla 609,000. Nilicho nacho ni 210,000.

Nauza chai na maandazi stendi, siku nzuri nabaki na faida ya 8,000. Pia nina nusu ekari ya mpunga aliyoiacha marehemu mume wangu. Msimu huu nimevuna magunia saba, yamo ndani. Shemeji yangu, baba mdogo wa watoto, amesema niuze lile shamba na yuko tayari kunipa 900,000 taslimu. Jirani ananivuta kwenye mkopo wa kausha damu: wanaandika 400,000, wanakata 20,000 ya fomu, halafu narejesha 20,000 kila siku kwa siku 26. Na shangazi yao aliyeko Dar anasema binti aende kwake auze duka mwaka mmoja kwa 80,000 kwa mwezi, ajichangie, ndipo arudi shule.

Mdogo wake yuko darasa la saba, Januari na yeye anaingia Kidato cha Kwanza. Nishauri nishike njia ipi. Na je, nikijibana miaka hii miwili, chuo kikuu nitakiweza?

Mama wa Watatu, Ifakara

JIBU

Mama wa Watatu, pole kwa mzigo na hongera kwa daraja la pili.

Shamba usiuze, mkopo huo usichukue, Dar asiende. Binti aripoti tarehe iliyoandikwa kwenye fomu, na fedha ya kumfikisha unayo, ila nyingine bado iko kwenye magunia. Nitakuonyesha hesabu, lakini kwanza tuyatoe mezani hayo mambo matatu uliyoshauriwa.

Mkopo. Unaandikiwa 400,000, mkononi unapata 380,000, unarejesha 20,000 mara 26, yaani 520,000. Umelipa 140,000 kwa kutumia 380,000 chini ya mwezi mmoja, karibu asilimia 37. Hata hiyo riba ingekuwa ndogo, rejesho lenyewe ni 20,000 kwa siku na faida yako siku nzuri ni 8,000. Kila jioni unapungukiwa 12,000. Siku ya tatu au ya nne utaanza kulipa kwa fedha ya unga na mafuta ya maandazi, na mtaji ukiisha hata ile 8,000 haipo tena. Mikopo ya aina hii imetengenezwa kwa mtu anayezungusha bidhaa haraka, ananunua asubuhi anauza jioni. Godoro la mwanafunzi halirudishi senti jioni.

Shamba. Nusu ekari imekupa magunia saba. Kwa bei ya gunia 70,000 ya wakati huu wa mavuno, hayo ni 490,000. Toa kulima, mbegu, palizi na kuvuna, tuseme 200,000, unabaki na kama 290,000 kwa msimu. Shemeji anakupa 900,000, yaani anakulipa faida ya misimu mitatu kwa kitu kitakachozaa baada ya wewe kuwa bibi. Sishangai yuko tayari na fedha taslimu. Kisha kuna suala la sheria: shamba ni la marehemu, na watoto wana haki humo. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mauzo hayo yanaweza kupingwa. Kama mirathi haijafunguliwa, nenda Mahakama ya Mwanzo ukaifungue, hata kama huna mpango wa kuuza kamwe. Utakwenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Na cheti hicho cha kifo utakihitaji tena, nitakifikia.

Dar. Miezi kumi na miwili kwa 80,000 ni 960,000 kwenye karatasi. Toa chakula kama hakimo kwenye makubaliano, nauli za mjini, nguo, simu, na hela ndogo ndogo atakazokutumia nyumbani kila ukikwama. Kitakachobaki hakifiki nusu. Kibaya zaidi, nafasi aliyopangiwa ni ya mwaka huu. Asiporipoti, haiwekwi kabatini ikimsubiri. Akirudi mwakani atatafuta shule binafsi, ambako ada ya Kidato cha Tano kwa kawaida huanzia milioni moja kwenda juu, au asome kama mtahiniwa wa kujitegemea, na PCB bila maabara ni kazi ngumu kweli. Atakuwa amefanya kazi mwaka mzima ili anunue kwa bei kubwa kitu alichopewa bure.

Sasa hilo neno bure. Ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya Kidato cha Tano na cha Sita kuanzia Julai 2022. Ada ya bweni iliyofutwa ilikuwa 70,000 kwa mwaka. Iweke kando ya orodha yako ya 609,000 uone ilikuwa sehemu gani ya mzigo. Chakula cha bweni kwenye shule za serikali kinagharamiwa na serikali, na hilo si dogo kwa miaka miwili. Lakini sare, malazi, madaftari, nauli na matibabu vilibaki kwa mzazi tangu siku ya kwanza, na waraka wa elimu wa 2016 ulisema hivyo wazi. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, kama 2,000 kwa mwezi, nayo ni chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengine yote. Ndiyo maana fomu zina michango.

Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyowatoa watoto shule. Kenya ilifuta ada ya msingi mwaka 2003, na bado watafiti walipogawa sare za bure katika shule za magharibi mwa nchi, wasichana walioacha shule walipungua. Sare tu.

Ukiitazama orodha yako vizuri, kinachokukaba ni kwamba vitu vyote vimeangukia wiki moja. Gharama ya miaka miwili ungeimudu kidogo kidogo. Tranka, godoro, ndoo na jembe hutanunua tena Kidato cha Sita. Kwa hiyo kazi yetu ni kutenganisha cha kuingia nacho getini na cha kufuata baadaye.

Anza na vitabu, 80,000. Usinunue hata kimoja kabla hajafika. Kila shule ina vitabu inavyofuata na vilivyomo maktaba, na mwalimu wa somo ndiye atakayesema kipi hakikwepeki. Wazazi wengi hununua vinne, mtoto anatumia kimoja.

Tranka na godoro: wanafunzi wa Kidato cha Sita wamemaliza mitihani Mei. Wamerudi mitaani kwako hapo Ifakara na matranka yaliyokaa bure uvunguni. Binti aulize kwa waliosoma naye, kanisani au msikitini, na kwenye makundi ya WhatsApp ya shule yake ya zamani. Vyote viwili unaweza kuvipata kwa 45,000 badala ya 90,000, na mara nyingi anayekuuzia atakuongezea madaftari yake ya PCB bila bei. Hayo yana thamani kuliko tranka. Kwenye tranka angalia bawaba na sehemu ya kufuli, kutu ya pembeni si tatizo. Kwenye godoro ingiza ngumi katikati uiachie: lisipoinuka limekufa. Vua foronya yake, pekua mishono yote mmoja mmoja. Ukiona vidoti vyeusi kama wino, hao ni kunguni, liache hata kama ni la bure. Lililo safi lianike juani siku mbili, pande zote.

Sare, 85,000 ni bei ya dukani. Kwa fundi utatoka na kama 60,000, lakini hapa watu hupigwa kwenye rangi. Fomu ikisema damu ya mzee, kuna damu ya mzee inayoelekea wekundu na inayoelekea kahawia, na mtoto akifika na isiyofanana ataambiwa ashone nyingine. Kabla ya kukata kitambaa, tafuta aliyesoma shule hiyo akuonyeshe sketi yake, au muombe mwalimu akutumie picha iliyopigwa juani. Soma pia kama ni marinda au ya solo, na urefu. Fundi aache pindo la vidole vinne ndani. Binti wa miaka kumi na saba bado anaongezeka, na sketi iliyopanda juu ya goti itamletea kesi na matroni.

Kaunta buku sita zinatosha kuanzia, nusu ya bei, 18,000. Rimu moja aende nayo, ya pili ataipeleka Januari. Hakuna shule inayotumia rimu zote siku ya kwanza.

Nauli: huna haja ya kwenda. Najua moyo wa mama hautakubali upesi, lakini safari yako ni 40,000. Orodha ya waliochaguliwa shule hiyo iko wazi, na ndani yake lazima kuna mtoto mwingine wa Kilombero au Morogoro ambaye mzazi wake anakwenda. Waungane naye. Wasafiri basi la asubuhi ili wafike mchana. Ukikosa mtu kabisa, basi nenda, usimwachie binti peke yake safari ya usiku na tranka.

Matumizi, 50,000: mpe 30,000, na usimpe yote mkononi. Shule nyingi zina mwalimu wa malezi au mhasibu anayetunza fedha za wanafunzi. Sabuni, dawa ya meno na taulo za kike nunua nyumbani za miezi miwili, maana duka la karibu na shule huuza ghali.

Tumebaki na michango, 85,000, na hapa ndipo wazazi huogopa bure. Mwongozo wa serikali ni kwamba mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini sikushauri umtume mtoto na waraka mkononi kama wakili. Mpigie mkuu wa shule kabla, namba iko kwenye fomu, na sema mambo matatu tu: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi wa fulani, amechaguliwa PCB, ataripoti tarehe iliyopangwa. Mchango nitaanza na 40,000, na 45,000 iliyobaki nitaimaliza kufikia tarehe 30 Septemba. Naomba nikuletee barua ya mtendaji." Mzazi anayepiga mapema akataja kiasi na tarehe husikilizwa. Anayenyamaza huwekwa kundi moja na wasiotaka kulipa. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa iseme wewe ni mjane, una wanafunzi watatu, kipato chako ni maandazi. Ikiwezekana ipitie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri agonge muhuri wake. Toa kopi tatu. Na fedha iingie kwenye akaunti ya shule au kwa kumbukumbu namba ya malipo, risiti ubaki nayo. Usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ni mwalimu wa zamu. Msimu huu wa kuripoti matapeli nao wanaripoti.

Hesabu mpya basi. Kwenye 609,000 toa vitabu 80,000, tranka na godoro 45,000, sare 25,000, madaftari 18,000, rimu 12,000, nauli 40,000, matumizi 20,000 na mchango ulioahirishwa 45,000. Umetoa 285,000. Inabaki 324,000. Una 210,000, unapungukiwa 114,000.

Uza magunia mawili ya mpunga, 140,000. Inabaki 26,000 ya dharura.

Najua unachofikiri: mpunga wa Juni ni wa kutupa, Februari gunia linaweza kufika 110,000. Ni kweli, na kama bei itapanda hivyo basi kwa magunia mawili utakuwa umepoteza 80,000. Lakini linganisha na 140,000 ya kausha damu. Kuuza mapema ni mkopo uliojikopesha mwenyewe kwa riba nafuu, na hakuna atakayekuja kubeba vyombo vyako. Usiuze zaidi ya mawili. Manne ni chakula, moja liache hadi Januari, ndilo sare ya mdogo wake. Na uyapime kwa mizani, usikubali lumbesa.

Kuanzia anapoondoka, weka 10,000 kila wiki. Katikati ya Julai hadi katikati ya Desemba ni kama wiki 22, sawa na 220,000. Humo utamalizia vilivyoahirishwa, 95,000, na nauli yake ya kuja likizo na kurudi, 40,000. Inabaki 85,000, na gunia la Januari. Kitabu kimoja kikihitajika, kitatoka hapo. Mdogo wake akipangiwa shule ya kutwa, unamvisha bila kukopa. Kama uko kwenye kikoba, angalia mnavunja lini: vingi huvunja Desemba, jambo zuri kwa Januari lakini Julai unabaki mtupu. Kwa ajili ya Julai ya mwakani anzisha kibubu cha pembeni, kiwe kwa mtu asiyekaa nyumbani kwako.

Kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kaya hutambuliwa kijijini kwenye mkutano wa hadhara kwa vipindi vyake, kwa hiyo haitakuokoa Julai hii. Utambuzi ukifika kijijini kwenu hudhuria. Mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi, ule wa wanawake, vijana na wenye ulemavu, hauna riba lakini ni wa vikundi na ni wa biashara. Ufikirie kwa ajili ya maandazi, tena baadaye.

Chuo kikuu. Hapa mzigo unabadilika sura kwa sababu kuna Bodi ya Mikopo, na mtoto wa mjane mwenye PCB yuko mahali pazuri, hasa akichagua kozi za afya au sayansi. Akifaulu vizuri mno kuna pia Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanaofanya vizuri zaidi kwenye sayansi. Mkopo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwenye 700,000 ni 105,000 kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikifanya deni lisiishe, ilifutwa mwaka 2021. Ni deni linaloeleweka, si kama la jirani yako.

Wanaokosa mkopo wakiwa na haki nao, wengi huangushwa na karatasi. Cheti cha kifo cha baba lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kuzaliwa vilevile. Kila Juni na Julai maelfu wanakimbilia huko kwa wakati mmoja. Wewe una miaka miwili. Kaa na binti kabla hajaondoka, weka mezani cheti chake cha kuzaliwa, matokeo ya Kidato cha Nne na kitambulisho chako, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Kama cheti kimoja kinasema Mohamed na kingine Mohamedi, au jina la babu lipo huku na kule halipo, anza kurekebisha sasa. Na kama cheti cha kifo hukuwahi kukichukua, kile kibali cha mazishi ulicho nacho hakitoshi. Nenda nacho ofisi ya mkuu wa wilaya, wanakosajili vizazi na vifo, wiki ile ile unayokwenda mahakamani kwa ajili ya mirathi.